Sura ya Saba: Maradhi ya Chiriku wa Tunduni

Kila afugaye chiriku hana budi kulijua mapema jambo moja, nalo ndilo msingi wa sura hii yote: ndege huyu huyaficha maradhi yake. Huko nyikani, anakotafuta riziki pamoja na kundi lake, yule aonyeshaye unyonge ndiye achaguliwaye kwanza na kipanga, na kwa hiyo maumbile yamemfundisha kusimama wima, kudonoa hata pasipo kumeza, na kuitikia mlio wa wenzake maadamu amebakiwa na nguvu hata chembe. Na tabia hiyo haimtoki kwa sababu tu amewekwa tunduni, mahali ambapo kipanga hafiki. Ndiyo maana mwenye ndege, amkutapo asubuhi ameanguka sakafuni mwa tundu, huapa kwamba jana alikuwa mzima, ilhali maradhi yamekwisha kumkalia siku nyingi. Uzito wa ndege huyu ni gramu zipatazo 10 tu, na joto la mwili wake hufika nyuzi 41 na kupita, hivyo akiba aliyo nayo ya kulilisha joto hilo ni haba mno, na akikosa kula tangu alfajiri hadi magharibi huwa amekaribia mauti. Dawa basi hufika imechelewa, isipokuwa jicho limeitangulia; nalo jicho haliwezi kuutambua ugonjwa kabla halijauzoea uzima.

Kwa jambo hili sisi wakazi wa Mzumbe tumejaliwa shule ambayo wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani, wanaowafuga ndege wa aina hizi hizi katika vyumba vyao, hawanayo. Hapa chini ya safu ya Uluguru, kando ya barabara iendayo Iringa, mvua za masika zinapokoma na nyasi kukomaa viwanjani na mipakani mwa mashamba ya mahindi, ndege hawa huja mpaka mlangoni. Yupo yule mdogo wa samawati. Yupo mwekundu, mwenye mdomo mwekundu, adonoaye mbegu uani katikati ya kuku bila ya hofu. Wapo tongosimba, wenye kichwa cheusi, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, warukao kwa makundi kutoka bua hata bua. Na yupo chiriku mwenyewe, wa manjano, mwimbaji, jamaa wa karibu wa kanari. Wataalamu humweka huyu wa mwisho katika aila moja na hao watatu wa kwanza katika aila nyingine, lakini kwa kuwa wote hula mbegu za nyasi, hulingana kwa kimo, na huugua maradhi yanayokaribiana, nitawaita wote kwa jina moja la chiriku.

Mfugaji aketiye barazani akawatazama kwa utulivu hawa walio huru, siku baada ya siku, atajionea mwenyewe kanuni za maisha yao: kwamba hula mbegu ambayo jana ilikuwa ingali kwenye bua, kwamba huoga kila wapatapo maji, kwamba hawakai juu ya kinyesi chao, bali huhamahama tangu jua lichapo, kwamba hupumua hewa isiyochanganyika na moshi, na kwamba usiku aghalabu hawalali peke yao. Maradhi mengi ya tunduni huanzia pale ambapo mojawapo ya kanuni hizi imevunjwa, na hiyo ndiyo mizani nitakayoyapimia maradhi hayo moja baada ya jingine.

Tuanze na dalili. Ndege mzima manyoya yake yamelala juu ya mwili, macho yake ni ya mviringo na maangavu, mkia wake umetulia, na akisinzia mchana aghalabu husimama kwa mguu mmoja huku mwingine ameuficha manyoyani. Mgonjwa hujitutumua manyoya hata wakati wa adhuhuri ambapo kila kiumbe kinatafuta kivuli. Hujikunyata karibu na chombo cha chakula au sakafuni. Hufumba macho wakati wenzake wanaimba. Na mkia wake hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Inafaa mfugaji amtazame kwa mbali kabla hajalisogelea tundu, kwa maana mara tu anapomwona mtu ndege huyu hujikaza na kuvaa sura ya uzima. Aidha, asidanganyike na mdomo unaokwenda, kwani chiriku mgonjwa huweza kubangua mbegu kutwa nzima asimeze hata moja. Ushahidi wa kweli umo katika kidari: ukimshika kwa upole na kukuta ule mfupa wa katikati umechongoka kama makali ya kisu, jua kwamba nyama imekwisha kuliwa na maradhi. Mwenye uwezo na apate mizani midogo ya namna watumiayo masonara, ampime kila juma na kuandika daftarini, kwa sababu kupungua kwa gramu moja, ambako hakuna jicho liwezalo kukuona, ni kupotea kwa sehemu ya kumi ya mwili mzima. Na chini ya tundu atandike karatasi, aibadilishe kila siku, aisome: kinyesi cha afya kina sehemu nyeusi iliyoshikamana na sehemu nyeupe, na kikigeuka maji, au kijani kibichi, au kikawa na mbegu nzima ndani yake, ni habari iliyotangulia msiba.

Baada ya dalili huja pumzi, kwa kuwa pumzi ndiyo njia ambayo mauti humwingilia chiriku kwa haraka kuliko njia zote. Mapafu ya ndege hayavimbi na kunywea kama yetu. Hewa huyapitia kwa mkondo wa upande mmoja, ikisukumwa na vifuko vyembamba vilivyoenea mwilini, na mpango huo umpatiao nguvu za kuruka ndio huo huo unaozivuta sumu zote za hewani kwa kasi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliijua siri hiyo, wakawa wakishuka machimboni na kanari ili awatangulie kuisikia hewa mbaya, na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986. Kwa hiyo tundu lisiwekwe jikoni, wala karibu na jiko la mkaa, wala chumba kimoja na dawa ya mbu ya kuwashwa. Na kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula, kikiachwa motoni hata kikaungua, hutoa mvuke uwezao kuwaua ndege wote wa nyumba kabla mpishi hajahisi lolote. Yupo vilevile mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri, ambaye mtaalamu R. F. Lawrence alimweleza mwaka 1948 kutokana na kanari wa Afrika Kusini, akaaye kooni na ndani ya vile vifuko vya hewa. Ndege mwenye mdudu huyo hupotewa na sauti kwanza, kisha hutweta kinywa wazi, na usiku, ukilitega sikio karibu na tundu, utasikia mlio mwembamba wa kukwaruza katika kila pumzi. Dawa yake ipo, nayo ni ivamektini, tone dogo lililozimuliwa na kutiwa juu ya ngozi. Lakini ivamektini iuzwayo madukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi ni kali mno kwa mwili wa gramu 10, na mtu akiitia kwa kukisia humuua aliyetaka kumponya. Kazi hiyo na aachiwe daktari wa mifugo.

Utitiri mwingine, ule mwekundu ambao kila mwenye banda la kuku anaufahamu, hauishi juu ya ndege bali katika nyufa za mbao, na hutoka usiku kunyonya damu, kisha hurejea mafichoni kabla ya mapambazuko. Na kwa hiyo mtu humchunguza ndege wake mchana asione kitu, huku chiriku akizidi kupauka mdomo na miguu, na makinda yakifa kiotani kwa kuishiwa damu. Ndege huru huwa na nafuu hapa, kwa kuwa akimaliza kulea hukihama kiota na kuwaacha wadudu na nyumba yao, ilhali wa tunduni hulazimishwa kulala juu ya adui wale wale mwaka mzima. Njia ya kuwabaini ni kulifunika tundu kwa kitambaa cheupe jioni na kukitazama alfajiri: vikionekana vidoa vyekundu vitembeavyo, shaka imekwisha. Njia ya kuwaondoa ni kumhamisha ndege, kulimwagia tundu maji yachemkayo, kusugua kila ufa, kulianika juani mpaka likauke kabisa, kuvichoma viota vya zamani, na kurudia kazi hiyo baada ya siku chache kwa ajili ya mayai yaliyosalia. Mafuta ya taa na unga wa sumu ya wadudu visipakwe mwilini mwa ndege, wala tundu lisikaliwe maadamu linanuka.

Sasa tuje kwenye chakula, mlango ambamo taksiri ya mfugaji huonekana kwa uwazi zaidi. Mtama, uwele na ulezi ni chakula chema kwa chiriku, lakini mbegu iliyowekwa ghalani pasipo kukauka vizuri huota ukungu, na katika ukungu huo huzalika sumukuvu. Ulimwengu uliamshwa na hatari hiyo mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Na hapa nchini, mwaka 2016, watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ikiwa nafaka iliyooza humuua mtu mzima, ini la chiriku litaivumilia vipi? Mbegu inukayo uvundo, au ishikamanayo, au itoayo vumbi la kijivu, itupwe bila kuhurumia bei yake. Tena mbegu kavu peke yake haitoshi, kwa kuwa walio huru huzipenda mno zile changa zenye maziwa, na wakati wa kulea huwatafuta mchwa na kumbikumbi. Basi mfugaji naye awachumie mashuke ya nyasi mabichi kando ya njia, mahali pasipopuliziwa dawa, na awalishe yai la kuchemsha wanapokuwa na makinda. Chokaa ya mifupa na ya ganda la yai hupatikana katika maganda ya mayai yaliyookwa na kusagwa, au katika ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa fukweni mwa pwani. Mchicha haufai kutegemewa peke yake, kwani una asidi inayoizuia chokaa isifyonzwe mwilini. Na kwa sababu miteremko ya Uluguru imebarikiwa maparachichi, sina budi kuonya bayana kwamba tunda hilo, lenye manufaa makubwa kwetu, ni sumu kwa ndege wa tunduni, na chembe yake isiwafikie.

Maradhi ya tumbo ndiyo yanayowavuta watu wengi kukimbilia dawa pasipo kujua wanatibu nini. Kuna vimelea vya koksidia, vinavyoenezwa kwa kinyesi kilichodondoka katika chakula na maji, vimfanyavyo ndege kuhara na kudhoofu; kuna bakteria wa namna namna; na kuna ukungu mmoja ukaao mahali ambapo tumbo huunganika na firigisi, ambao kwa miaka mingi wataalamu waliudhani kuwa ni bakteria mkubwa, mpaka mwaka 2003 ilipothibitika kwamba ni jamii ya hamira. Ndege aliyeshikwa na ukungu huo hula kwa pupa na bado hukonda, na mbegu hutoka nzima katika kinyesi chake. Maradhi haya matatu hufanana kwa nje, lakini dawa ya moja haimponyi mwenye jingine. Na yule aliye na ukungu, akipewa zile poda za oksitetrasaiklini zichanganywazo katika maji ya kuku, hapati faida yoyote, ila bakteria wema wa tumbo lake huangamia na ukungu hubaki umestarehe. Fauka ya hayo, mgonjwa hanywi maji kwa kipimo, na mabaki ya dawa hizo huwafunza bakteria usugu ambao mwishowe utaturejea sisi wenyewe. Kinyesi kibichi kikitazamwa kwa hadubini hujibu swali ambalo kubahatisha hakujibu, na hadubini haziko mbali nasi: mafunzo ya uganga wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoundwa mwaka 1984, kina hospitali ya wanyama ambamo swali hilo laweza kuulizwa.

Majira ya kipupwe, kuanzia Juni hata Agosti, upepo ushukao mlimani huifanya Mzumbe kuwa na usiku wa baridi, na hapo hudhihirika thamani ya kulala pamoja. Tongosimba walio huru hujenga viota vya kulalia hata wasipokuwa na mayai, wakajazana humo na kupashana joto. Tongosimba aliyewekwa peke yake juu ya kijiti, katika tundu la waya lililotundikwa penye upepo, hutumia usiku kucha kuichoma akiba ya mwili wake, na asubuhi humkuta amefilisika. Apewe basi mwenzi na kiota cha nyasi, na tundu liwekwe penye ukuta wa kuukinga upepo. Baridi hiyo, ikikutana na upungufu wa chokaa, ndiyo imletayo jike dhiki kubwa kupita zote, yaani yai kukwama. Utamwona sakafuni, amevimba chini ya tumbo, akijikamua bila mafanikio. Asikandwe wala yai lisibanwe kwa vidole, kwa maana likipasukia ndani amekufa. Atiwe mahali penye joto la nyuzi 30 hadi 32 na unyevu kidogo, adondoshewe maji yenye chokaa pembeni mwa mdomo, naye mara nyingi hulitoa mwenyewe baada ya saa chache. Na likikawia, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Yapo maradhi yatokayo nje ya tundu. Ndui ya ndege huletwa na mbu, ikatoa vipele kandokando ya macho, mdomoni na miguuni, nayo haina dawa ya kuiponya isipokuwa usafi na subira. Kinga yake ni kulifunika tundu jioni kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa. Kideri, kifagiacho kuku wa kijiji kizima, huweza kuwapata ndege wengine pia, na kwa hiyo mwenye kuku na chiriku awachanje kuku wake kwa lile tone la jichoni kila baada ya miezi mitatu, anawe mikono atokapo bandani, wala asichanganye vyombo. Na ndege yeyote mgeni, ajapokuwa na sura nzuri namna gani, atengwe chumba kingine kwa siku 30 kabla hajaunganishwa na wenyeji, kwani ugonjwa ule anaouficha humpita mnunuzi pasipo kuonekana.

Itokeapo kwamba mmoja ameugua, jambo la kwanza lisilo na madhara katika takriban kila hali ni joto, kwa sababu ndege aliyepata joto la kutosha huzielekeza nguvu zake katika kupambana na maradhi badala ya kujipasha. Mfugaji amtenge katika kisanduku kidogo, aweke taa upande mmoja tu ili mgonjwa achague mwenyewe pa kukaa, amsogezee chakula na maji hata miguuni, apunguze kelele na mikono ya watoto, na aandike aonayo. Kisha aende kwa daktari na maandishi hayo pamoja na karatasi ya kinyesi. Utulivu huu una faida kuliko dawa tano zilizotiwa kwa hofu.

Haitakuwa insafu, hata hivyo, kudai kwamba ndege huru haugui. Huugua, ndui humpata, na wadudu humwingia, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Tofauti ni kwamba nyikani mgonjwa hutawanyika mbali na wenzake, na jua, mvua na nafasi huufanya ugonjwa ukose pa kujikusanya. Ilhali tundu hukusanya vyote pamoja, mgonjwa na mzima, kinyesi na chakula, hofu na msongamano, katika eneo lisilozidi meza. Aliyelifunga lile lango ameyachukua mikononi mwake mambo ambayo hapo kwanza yalisimamiwa na upepo na mvua, na hiyo ni amana.

Wasioijali amana hiyo waliwapotezea uhai ndege wengi wa nchi hii. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kwa kuuza ng'ambo ndege wa mwituni, na chiriku wa kila rangi walisongwa kwenye masanduku, wakafa kwa kiu, kwa hofu na kwa maradhi yaliyoenea njiani. Marekani ilitunga sheria ya kuubana uingizaji huo mwaka 1992. Umoja wa Ulaya uliufunga mlango mwaka 2005, baada ya homa ya mafua ya ndege kugunduliwa katika karantini ya Uingereza, ukaufanya mfungo huo kuwa wa kudumu mwaka 2007. Na Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumnasa ndege wa mwituni pasipo kibali ni kosa, na Mamlaka yenye dhamana hiyo ina makao yake makuu hapa hapa Morogoro. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, afya peke yake ingetoa hukumu ile ile: aliyenaswa kwa ulimbo au wavu huingia tunduni amekwisha kuvunjika moyo, hali chakula asichokizoea, na maradhi aliyokuwa akiyastahimili akiwa huru humlipukia kwa sababu ya hofu.

Kwa hiyo atakaye kufuga na amchukue yule aliyezaliwa tunduni kwa wazazi waliozaliwa tunduni, na kabla hajamchukua ahakikishe kwamba ana mahali pasipo moshi, chakula kisicho na ukungu, mwenzi wa kulala naye, na dakika chache za kumtazama kila asubuhi. Asiyeweza kuyatimiza masharti hayo hakunyimwa raha ya ndege hawa: mwezi wa Septemba, vijito vinapopungua, na aweke uani sahani ya maji yenye kina kifupi, aioshe na kuibadilisha kila siku ili isigeuke chimbuko la maradhi, na wa samawati, wekundu na wa manjano watamjia wenyewe, wazima, bila ya yeye kuwa na deni la uhai wao.